Nilivyojipanga na nguo za kuwindia paa wa huku London, na yaliyonikuta

Wakuu, poleni na majukumu. Hii si chai, imenitokea mwenyewe na uchovu wake bado ninao.

Nipo Edmonton, nafanya care work, night shift. Naishi na wazee wangu. Baba ni mtu wa Makunduchi, ujanani akiwinda paa kwa mbwa na nyavu.

Tangu atoke hospitali hataki kula. Inatisha, jamani. Siku moja akasema, "Ningepata nyama ya paa, hiyo ningekula."

Kazini kuna Graham, fundi wetu. Weekend huwa anawinda muntjac, kupunguza idadi yao, kwenye msitu wa mkulima mmoja nje ya London, kwa kibali. Muntjac ni kinyama kidogo, ukikiona utasema paa wa kwetu.

Nikamwomba, akakubali twende wote, yeye apige, mimi nichinje. Mambo ya halali nilishauliza, tusianzie hapo.

Somo la nguo alilonipa lilikuwa refu kuliko la bunduki. Jeans hapana, rangi ya buluu wanaiona vizuri. Nailoni hapana, ikigusa tawi inapiga kelele. Tafuta kahawia na kijani kilichofifia, kitambaa laini. Vaa glovu na ufunike uso, maana uso na mikono ndivyo vinavyokufichua.

Nikazunguka charity shops, maduka ya mitumba ya huku, mpaka nikakamilisha. Nikamwachia mama azifue, nikaenda shift. Asubuhi nikazivaa, tukaondoka.

Tulikaa chini ya mti mpaka miguu ikafa ganzi. Muntjac akatoka, dume, anakula taratibu. Kutuona hakutuona, naapa.

Upepo ukageuka, ukatupitia mgongoni. Akainua pua, akabweka, akapotea.

Graham akaninusa bega. Akaniuliza kwa upole kama nimetoka kanisani.

Mama alizifukiza udi. Mimi sikusikia kitu, nyumba yetu yote inanukia hivyo tangu nizaliwe. Nikampigia simu kumuuliza.

"Sasa mwanangu, utakwendaje kwa watu na nguo za mtumba hazina hata harufu nzuri?"

Nikamshukuru, nikakata simu.

Nikarudi mikono mitupu, mwili wote unauma. Baba akaniita chumbani. Mama alikuwa pembeni yake na bakuli la uji uliopoa.

"Ulimuona?"

Nikasema nilimuona. Akataka kujua pembe zake, alivyosimama, upepo ulitokea wapi. Nikasimulia yote isipokuwa la udi. Mama akawa anamlisha kijiko kwa kijiko, na baba anafungua mdomo huku macho yapo kwangu.

Uji ukaisha. Mama akatoka haraka na bakuli, nikamsikia analia jikoni.

Funzo kwa wanaotaka kujaribu: nguo za msituni zifue kwa maji matupu, zianike nje, na mama asizikaribie.

Lakini leo baba amekataa tena chakula, na mimi sina la kusimulia. Wenye wazee wasiokula, nyie mnafanyaje? Naomba mnijibu.