Baba Asiyetajwa

Asubuhi niliyoondoka Kisongo sikuwa na mpango wowote. Nilikuwa nimeacha shule darasa la sita, nimechunga mbuzi wa watu mpaka nimechoka. Nikaifuata barabara hadi mjini Arusha, nikakuta wanaume wawili wakishusha makasha ya karatasi mbele ya jengo la serikali, nikawasaidia bila kuulizwa. Jioni mkubwa wao, Mtunza Nyaraka, akaniambia, "Kesho njoo na shati safi." Nikawa nimeajiriwa.

Kazi ya masijala ya zamani ilikuwa vumbi na subira. Majalada ya Waingereza yalifungwa kwa utepe, na kila karatasi ilipewa namba yake, folio. Folio ikiruka, ujue kuna mtu kachomoa kitu. Kiingereza changu nilikiokota humo humo, Kiingereza cha mahakimu na mabwana shamba waliokwisha kufa. Kila nilipomkimbilia Mtunza Nyaraka na jibu, alinirudisha.

"Swali liko wapi?"

"Lipi, mzee?"

"Karatasi hujibu ilichoulizwa tu. Kwanza jua aliyeuliza ni nani, na aliyeulizwa ni nani."

Nilidhani ni maringo ya wakubwa. Nikahamishiwa Babati, kisha Moshi, nikarudi Arusha chini ya Afisa mwingine aliyependa majalada yakae kimya. Watu walikuja kutafuta mipaka ya mashamba na majina ya mababu. Wengi waliondoka mikono mitupu.

Miaka yangu ya mwisho kazini akaja Mama Namnyaki wa Sekei, muuza maparachichi. Baba yake, Mzee Loishiye, alikuwa mgonjwa, na aliomba jambo moja: azikwe kwenye boma alilokulia, magharibi ya Mlima Meru. Ndugu walikataa. Wazee waliomlea walikuwa wamekufa, na mtoto wa binamu yake, mhasibu wa mjini, alikuwa ameibuka na nakala ya karatasi ya kuzaliwa kutoka zahanati ya shamba la mzungu huko Usa River. Mama: Nolari. Baba: hajulikani.

"Wanasema ni mtoto wa yule mzungu mwenye shamba," Namnyaki alisema. "Sasa na baba mwenyewe ameanza. Anakaa juani anaigeuza mikono yake, anaitazama rangi. Miaka yote hiyo, leo ndiyo anaitazama rangi!"

Nilitafuta kwenye majalada ya wafanyakazi wa shamba lile, nikakosa. Nikahamia kwenye mashauri ya vifo, yaani mahojiano ya hakimu pale mtu anapokufa ghafla. Huko nikakuta kibarua kijana aliyevutwa na mashine ya kumenya kahawa. Jina lake na boma alikotoka, lile lile la Mzee Loishiye, vilitajwa na nyapara. Mke wake, Nolari, mjamzito, aliulizwa jina la marehemu mara nyingi, hakujibu. Hakimu akaandika kwamba huyu mwanamke ama ni mkaidi ama hana akili timamu. Mwili haukupewa kaburi. Uliachwa porini, kama ilivyokuwa desturi ya watu wake wakati ule.

Nilinakili folio ile, nikakimbia Sekei. Nje ya nyumba walikuwa wanafunga turubai. Mzee Loishiye alikuwa amefariki alfajiri.

Tulipanda bomani na Namnyaki na mwili siku iliyofuata. Mhasibu alikuwa amesimama langoni.

"Hajulikani ni hajulikani," alisema. "Mimi sikuandika, kaandika Mwingereza. Mzikeni makaburi ya mjini. Au mpelekeni kwa baba yake Ulaya!"

Wawili watatu walicheka, msibani.

Nikafungua karatasi yangu. Kabla sijalifikia lile jina, laigwanani, kiongozi wa rika la wazee, aliinua fimbo.

"Usilitaje! Kama ni wetu, huyo ni marehemu wa hapa, na marehemu hatajwi jina. Aliyelitaja humo ni nani?"

"Nyapara, mzee. Mtu wa mbali."

"Huyo hana mwiko nasi. Na mama yake Loishiye?"

"Aliulizwa mara nyingi. Hakusema."

Mimi ni Mrangi, nilikua jirani tu na mambo yao. Mzee aliishusha fimbo.

"Mke halitamki jina la mume aliyekufa," akasema. "Angekuwa hawara angelitaja, tena kwa kelele, apate fidia yoyote kwa mzungu. Zahanati nako walimuuliza hilo hilo?"

"Ndiyo, mzee."

"Basi naye akanyamaza, wakaandika walivyojua wao." Akamgeukia Mhasibu. "Wewe, mama yako umewahi kumsikia akimtaja baba yako tangu tumzike?"

"Huo si ushahidi, mzee."

"Chukua jembe."

Tulimzika mvua ikinyesha. Namnyaki hakulia. Alipomaliza kutupia udongo alinitazama.

"Ungekuja juzi," alisema.

Mzee Loishiye alikufa akiitazama mikono yake.

Nilistaafu mwaka uliofuata. Vijana wa masijala wakinitembelea huniuliza siri ya kazi, nami huwapa maneno ya Mtunza Nyaraka, maana ya kwangu sina. Wanaitikia kwa adabu, kama nilivyoitikia mimi. Jina la yule kibarua siliandiki hapa.

Juzi, asubuhi, nilitoka nyumbani bila kuaga, nikajikuta Usa River. Nililiuliza lile shamba mpaka nikafika getini. Nilichokiona ndani ni mahema ya nailoni tu.

"Mashine ya kahawa?" mlinzi alishangaa. "Hapa ni maua, babu. Yanapanda ndege kila siku, sisi tunayaaga tu."

Jioni nikapata chumba kwenye gesti nyuma ya soko. Binti wa mapokezi alinisalimu shikamoo, akafungua daftari la wageni. Jina nikampa, kabila nikampa, nitokako nikampa.

"Unakokwenda?"

Nilinyamaza, nikifikiri. Nilipotazama, kalamu yake ilikuwa imeshagusa karatasi.

"Subiri, binti," nikamwambia. "Usiandike bado."