Wako Ndani

Zulmira, mama lishe wa Ufukoni, alirudi kutoka msibani Msimbati baada ya wiki mbili, na kesho yake akaamka alfajiri akapika kama vile hakuwahi kuondoka. Saa sita alifika kwenye geti la ofisi ya wachora ramani, beseni la hotipoti kichwani. Palikuwa kimya. Filipo, mlinzi, alikuwa peke yake na redio yake.

"Wateja wangu wako wapi?"

"Wako ndani, Mama Nelio. Wote kumi na mmoja. Tangu Jumatatu."

Mjini hapa ukiambiwa mtu yuko ndani, huulizi chumba gani, unauliza kituo gani. Zulmira hata hilo hakuuliza, kwani mambo ya wakubwa hayaulizwi getini. Meneja, sawa, yule macho yake hajawahi kuyaamini. Lakini Jesca? Mtoto wa watu, akimaliza kula anaosha sahani yake mwenyewe? Akakata shauri kwamba chakula ni chao, watakilia hukohuko. Huyo akashika njia ya polisi.

Afande wa kaunta alimwamuru aonje kwanza, kama ilivyo desturi kwa chakula cha mahabusu. Akaonja kisamvu, akaonja changu wa nazi, kijiko kimoja kwa kila hotipoti, mpaka akashiba bila kupenda. Ndipo afande alipofungua daftari.

"Mama, humu nina watu wawili tu, na wote kesi zao ni za kuku. Hao wa ramani siwajui. Huna namba ya hata mmoja?"

Alikuwa nayo ya Jesca. Hakuwa amepiga, maana simu ya aliye ndani hukaa kwa afande. Sasa akapiga, na Jesca akapokea palepale, akamwelekeza nyumbani kwake Shangani.

Alimkuta sebuleni, juu shati la ofisi na rangi ya mdomo, chini khanga na kandambili, akizungumza na watu kwenye kompyuta. Zulmira alisubiri mlangoni, asijue kama afurahi au aogope. Mwishowe Jesca akafunga kompyuta.

"Unaumwa, mwanangu?"

"Niko kazini, Mama Nelio."

"Kazini wapi?"

"Hapa hapa ndani. Kila mtu anafanyia kwake. Lile jengo mwezi ujao linarudishwa kwa mwenyewe."

"Na chakula?"

Jesca akatazama chini. "Najipikia. Wali uko jikoni, mimi niko kikaoni."

Zulmira alicheka, kisha akaacha. Wangekuwa wamefukuzwa angeelewa, angewapa pole na yaishe. Lakini kazi ipo, mshahara upo, watu wapo mjini humuhumu, na njaa ya saa saba bila shaka ipo. Sasa kilichokufa ni nini? Aliona uchungu, akaona na haya kuuona, maana hakumpata wa kumlaumu.

"Basi nielekeze kwa wenzako. Nitawapelekea mmoja mmoja."

"Hata mimi kwao sipajui. Tulikuwa tunakutana ofisini tu."

Zulmira alibaki amesimama barazani na beseni lake. Kwa miaka tisa alijua nani hali pilipili, nani ana vidonda vya tumbo, nani hujifanya hajapewa mchuzi ili aongezwe. Lakini ukimtoa Jesca, hakujua hata mmoja wao analala wapi.