Mume wangu alizigeuza geji za gari la spoti ili niweze kuzisoma

Wakuu, salamu kwenu nyote. Nimeona mnabishana kuhusu dashibodi za magari ya spoti ya zamani. Ninayoandika niliyaona mwenyewe, sitaongeza chumvi.

Miaka ya sabini tuliishi Bwera, Uganda, mpakani na Kongo. Marehemu mume wangu, Baba Masika, alikuwa fundi magari. Alinunua gari dogo la spoti, la wazi, kwa Mzungu wa mgodini aliyekuwa anarudi kwao.

Dashibodi yake ilipendeza. Geji za duara, nyeusi, namba nyeupe. Lakini namba zilikuwa ndogo kama punje za ulezi. Mimi niliishia darasa la tatu. Aliponifundisha kuendesha, nikitafuta namba, barabara inanipotea.

Basi akalegeza geji tatu za katikati, ya joto la maji, ya oili na ya chaji, akazizungusha. Injini ikiwa sawa, mishale yote mitatu inasimama wima. Namba zikabaki zimelala upande.

"Achana na namba," akaniambia. "Mshale ukiinama, simama."

Jirani yetu, mfanyabiashara Mkongo, alicheka mpaka akakaa chini. "Fundi, dashibodi yako iko mulevi."

Siku moja tumbo likamshika Baba Masika vibaya sana. Hospitali ya kumpasua ilikuwa upande wa Kasese. Nikamweka kiti cha pembeni, nikashika usukani.

Njiani, kabla ya kufika mji mdogo wa Kikorongo, mshale wa maji ukaanza kuinama. Nilitaka kukaza mwendo, maana alikuwa anaugulia maumivu.

"Mishale?" akauliza, macho amefumba.

"Mmoja umeinama."

"Simama. Tungoje."

Nikasimama. Mwanajeshi aliyekuwa akilinda barabara akatujia. "Wewe mama, sababu gani nasimamisha gari hapa?"

"Afande, mshale imeinama."

Akachungulia zile namba zilizolala, akamtazama mume wangu. "Sasa mgonjwa ni nani, gari ama bwana yako?"

"Wote, afande."

Akaenda kutuletea debe la maji. Injini ilipopoa tukajaza, mshale ukasimama, tukafika. Akapasuliwa siku hiyohiyo, akapona. Tukazeeka pamoja.

Mwaka huu amenitoka. Alipokuwa kitandani aliniuliza, "Mama Masika, mishale?"

Sikuwahi kumdanganya. Nikasema, "Mmoja umeinama."

"Basi tungoje."

Nikamshika mkono, tukangoja.

Kwa hiyo wakuu, kwangu mimi geji nzuri ni ile unayoielewa hata ukiwa na hofu. Za magari yenu zinasomeka vipi? Andikeni. Nasoma polepole, lakini nitasoma yote.