Mama Pasi na Tangazo la Mlangoni

Kwa miaka kumi na tisa Mama Pasi alifua na kunyoosha mashuka ya hospitali, na kwa miaka sita ya mwisho alikuwa pia mwakilishi wa chama cha wafanyakazi pale kwenye idara ya kufulia. Alikuwa mfupi, mwepesi wa kucheka, na sauti yake ilizishinda mashine nne zikizunguka kwa pamoja. Mumewe alizoea kulalamika kwamba hata nyumbani anaongea kana kwamba mashine hazijazimwa.

Jumatatu moja walikuta tangazo limebandikwa mlangoni. Kila mfanyakazi achanjwe ndani ya siku kumi na nne. Asiyechanjwa asijisumbue kurudi kazini. Kufikia saa ya chai, idara nzima ilikuwa imechemka. Mbeba magunia ya nguo chafu, pande la mtu waliyemwita Tingatinga, aliapa kwamba sindano hiyo haitamgusa. Wengine hawakuwa na neno na chanjo, ila hawakutaka kuswagwa kama mbuzi. Wote wakamgeukia Mama Pasi.

Yeye alikuwa na lake moyoni. Wiki tatu kabla ya hapo alikuwa ameshachanjwa, kimya kimya. Aliishi na mama yake mwenye kifua kibovu, na kutwa alishika mashuka ya wagonjwa. Hakuona la kungoja. Hakumwambia mtu kazini kwa sababu aliwajua wenzake: wangesema amenunuliwa.

Chama kilikaa kikao na kukubaliana kwamba hakipingi chanjo, kinapinga vitisho. Mama Pasi na Tingatinga wakatumwa kwa katibu wa hospitali, kijana nadhifu mwenye meza isiyo na hata karatasi moja. Aliwasikiliza kidogo, kisha akamtazama Mama Pasi.

"Mama, na wewe mwenyewe umechanjwa?"

Tingatinga akadakia kwamba huyu hawezi kuwageuka wenzake. Mama Pasi alimtazama Tingatinga, kisha katibu. Kudanganya kulikuwa rahisi, lakini ulimi ulikataa.

"Nimechanjwa, mwanangu. Nilikwenda kwa miguu yangu, nikamuuliza daktari maswali yangu yote, hata ya kijinga, naye akanijibu. Wenzangu wanataka hivyo hivyo. Nyinyi mmewapa barua ya kufukuzwa kabla ya jibu."

Katibu akatafuta kalamu. Walibishana hadi mchana. Mwishowe siku kumi na nne zikawa mwezi mmoja, ikaahidiwa kwamba daktari atakuja kwenye idara, chanjo ikawa ya saa za kazi na kesho yake mapumziko yenye malipo. Atakayekataa atahamishiwa mbali na wodi, si kufukuzwa.

Kwenye korido Tingatinga alitangulia kwa hatua ndefu. Mama Pasi akamkimbilia.

"Dada, umeniumbua mbele ya yule kijana," akasema Tingatinga.

"Nilikosea kukuficha. Nisamehe, kaka."

Walitembea hatua kadhaa. Kisha jitu lile likauliza kwa sauti ndogo kana kwamba sindano imeshalichoma: "Inauma?"

"Mkono ulikuwa mzito siku mbili. Shemeji yako akapika."

Tingatinga hakucheka, na kwa siku tano alimsalimia kwa kichwa tu. Daktari alipokuja, aliketi juu ya gunia la foronya akajibu maswali kwa saa mbili, na aliyeuliza mengi kuliko wote alikuwa Tingatinga. Kati ya watu thelathini na mmoja, ishirini na wanane walichanjwa, watatu wakahamia stoo na bustanini. Tingatinga alichanjwa Alhamisi. Ijumaa akapiga simu kueleza kwamba hawezi kuinua hata kijiko, na Mama Pasi akamkumbusha kwamba walichopigania ni siku moja, si wiki.

Si wote waliomsamehe. Katika uchaguzi wa chama uliofuata alipata mpinzani kwa mara ya kwanza, na akashinda kwa tofauti ya kura nne tu. Alipotangazwa aliwashukuru wote, hata waliomnyima kura, akasema anajua ni kina nani, wakacheka, naye akarudi kwenye pasi.