Nilivyotafuta programu ya bure ya taa za jukwaa, shangazi akaukataa mto wangu

Wakuu, hamjambo huko mliko? Niko Garsen, na haya ninayowaandikia yamenipata mimi mwenyewe, sijaongeza chumvi. Naandika polepole kwa sababu kila nikifika katikati nasimama, natabasamu peke yangu dukani kama mjinga.

Kazi yangu ni kutengeneza simu na kompyuta.

Kanisa letu lilipopata taa nne za rangi za jukwaani, mzee wa kanisa akaniambia, "Jillo, si wewe ndiye mtu wa kompyuta?" Basi. Nikawa fundi wa taa papo hapo.

Taa zilikuja na kifaa kidogo cha USB cha kuziunganisha na laptop. Programu ya kuziendesha nitafute mwenyewe, tena iwe ya bure.

Sasa, kina mama walikuwa na igizo lao Jumamosi mchana. Linahusu kijiji chao cha zamani, kile ambacho mto ulikihama. (Mto Tana una tabia hiyo. Miaka inapita, unahamisha njia yake, na pale mlipokuwa mkichota maji mnakuta mbuzi wanakula nyasi.)

Anayeongoza ni Shangazi Hawayu, dada ya baba yangu. Yeye ndiye anayeingia "mtoni" kwanza, anaanzisha wimbo, wenzake wanamfuata. Asipoingia hakuna igizo.

Macho yake yana mtoto wa jicho. Sura za watu hazioni tena, ila mwanga na rangi bado anaviona. Aliniambia, "Mwanangu, nataka nivuke mto wetu mara moja tu, kabla giza halijafunga."

Wakuu, kauli hiyo nililala nayo na kuamka nayo.

Nikadownload programu mbili.

Ya kwanza, lo! Jukwaa zima linaonekana kwenye skrini, na kuna effect tayari ya mto. Buluu inatiririka, mawimbi yanapishana taratibu. Niliiangalia mpaka mteja mmoja akachukua simu yake akaenda kwa jirani.

Ya pili sura yake mbaya. Safu ya fader tu, vile vitelezi vya kupandisha na kushusha kila rangi: nyekundu, kijani, buluu. Nikaiweka kando.

Alhamisi tukafanya mazoezi. Nikawasha mto wangu. Sakafu yote ikawa buluu, na mimi nimevimba kichwa.

Shangazi akafika ukingoni mwa ile buluu akasimama.

"Jillo, huu mto wa wapi?"

"Ni wetu, shangazi."

"Haya maji ya picha za kalenda."

Kina mama wakacheka. Yeye hakucheka. Akapapasa kiti, akaketi. "Mimi siingii maji nisiyoyajua."

Nilikasirika, sitawaficha. Nilitaka kumwambia ni taa tu hizi! Halafu nikajaribu kubadilisha rangi ya ule mto, programu ikagoma. Kubadilisha ni kwa wanaolipia. Nikaona aibu kuliko hasira.

Ijumaa asubuhi akanishika mkono akanipeleka mtoni. Mvua ilikuwa imenyesha huko bara, maji yamepanda. Yalikuwa yanapita polepole, mazito, rangi ya chai ya maziwa iliyokolea majani, na jua limelala juu yake. Nilihisi kama ardhi ndiyo inayotembea na mimi nimesimama ndotoni.

"Maji mekundu yana udongo," akasema. "Yakishuka, twapanda. Yakija meupe, hayana udongo, hiyo ni njaa. Wewe umeniletea njaa, mwanangu."

Nimezaliwa hapa, wakuu. Lakini shuleni tulipaka mto kwa penseli ya buluu, na dirishani ulikuwa unapita wa kahawia. Sikuwahi kujiuliza.

Nikarudi nikafungua ile programu mbaya. Nyekundu juu, kijani chini kidogo ya nusu, buluu karibu na sifuri. Ikanikubalia kupanga mwanga uwe unapanda polepole, dakika mbili nzima. Nikasave.

Jumamosi madirisha ya ukumbi wa kanisa tuliyaziba kwa turubai. Nikabonyeza.

Mwanga ukaanza kupanda, kahawia, taratibu, kama maji yanayoingia shambani. Shangazi akasimama ukingoni.

Akainama. Akapandisha leso aliyojifunga kiunoni mpaka magotini.

Akatia mguu mmoja, akapima kina, akatia wa pili. Sakafu ile ni simenti kavu. Nyuma yake kina mama wote wakapandisha leso zao, jambo ambalo hatukulifanyia mazoezi hata siku moja. Wimbo ukaanza. Nililia, na sioni haya kusema.

Nilichojifunza: usichague programu kwa uzuri wa skrini. Kabla ya yote iunganishe na taa zako, uone kama toleo la bure linakuruhusu kuchanganya rangi mwenyewe na kusave kazi yako. Na ukatazame kwanza kile unachotaka kukiwasha.

Wenye uzoefu karibuni mnikosoe. Jina la programu nitampa atakayeuliza, sitaki nionekane natangaza. Na mniambie, mto wa kwenu mngeupaka rangi gani?

Karibu nisahau. Igizo lilipoisha shangazi aliketi, akaniomba kitambaa apanguse miguu.

Nilipiga magoti nikampangusa mwenyewe.