Jambazi Aliyepiga Hodi

Wazazi wetu walipofariki niliacha shule, darasa la sita, nikabaki na mdogo wangu wa kike. Kwa miaka saba tulilima mahindi na maharage, tukalala na mlango uliofungwa kwa kipande cha mti, na katika miaka yote hiyo baba mdogo hakuwahi kuogopa kwa ajili yetu. Hofu ilimshika mwaka tulipovuna vizuri.

Alikuja na gobore la marehemu babu begani na godoro nyuma ya bodaboda.

"Nyumba haina mwanaume," alisema. "Na siku hizi hapa kijijini Endasak kumejaa sura ngeni."

Nilimuuliza kama gobore lina kibali. Akasema kibali ni cha bunduki za kununua. Hili ni la urithi. Nikauliza baruti. Akasema baruti inatafutwa.

Akaweka kiti kikitazama mlango. Hapo ndipo alipotulindia uji asubuhi na ugali mchana. Majambazi hawakuja. Kilichopotea tangu aanze ulinzi ni kuku watatu, na mifupa yao niliifagia mwenyewe chini ya kiti chake.

Ningeendelea kucheka, lakini akamkataza mdogo wangu kwenda shule. Alikuwa darasa la saba.

"Njiani kuna wageni. Akae ndani. Wewe mwenyewe uliacha shule, kwani umekufa?"

"Sijafa, baba mdogo. Niliacha ili huyu asome."

"Basi ameshasoma."

Nilimsihi siku nne. Siku ya tano, saa nne asubuhi, tukasikia hodi.

Baba mdogo alichungulia. Uani alisimama mtu mwenye koti zito, kofia ya sufu hadi kwenye nyusi na skafu hadi puani.

"Jambazi," alinong'ona.

"Amepiga hodi, baba mdogo."

"Wa siku hizi wanapiga!"

Akafungua mlango na kumwelekezea gobore kifuani. Mgeni akainua mikono. Kisha, kwa sauti ya mtu wa pwani aliyeganda kwa baridi ya mlima Hanang, akasema:

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba," akajibu baba mdogo.

Lilimtoka lenyewe. Niliona uso wake ukijuta, lakini neno lilikuwa limeshavuka kizingiti. Ukishaitikia shikamoo ya mtu utampigaje risasi, hata kama risasi unayo? Mtutu ukashuka taratibu hadi kwenye mbolea ya mbuzi.

Mgeni akashusha skafu. Alikuwa mwalimu mpya, akatoa karatasi ndani ya koti. Alikuja kuniambia kwamba orodha ya mtihani wa darasa la saba inafungwa leo, na mdogo wangu lazima afike mwenyewe kuhakiki jina na kutia saini.

"Nitajuaje wewe ni mwalimu?" baba mdogo akauliza. "Lete hiyo karatasi."

Karatasi ilikuwa ndefu na upepo ulikuwa mkali; ilitaka mikono miwili. Akanigeukia bila kufikiri. "Hebu shika hili kidogo."

Nikalishika. Lilikuwa zito kama mchi. Mdomo wa mtutu ulikuwa umezibwa kwa udongo. Nyigu walikuwa wamejenga humo, pengine tangu babu yuko hai.

Baba mdogo alipitisha kidole kwenye orodha hadi kwenye jina la mdogo wangu, kisha kwenye safu ya mlezi. Akasoma mara mbili. Lilikuwa jina langu.

"Mimi sipo hapa," alisema.

"Ni kweli, baba mdogo. Hupo."

Nikaita ndani: "Vaa sare. Unakwenda na mwalimu."

Baba mdogo akanyoosha mkono apewe gobore lake. Nikachomoa karatasi nyingine iliyochungulia mfukoni mwa mwalimu, nikampa ashike na hiyo, na kwa adabu zote nikamwambia:

"Baba mdogo, ahsante kwa ulinzi. Sasa nyumba ina bunduki, na nyigu wa kuilinda. Godoro lako nitakusaidia kulifunga kwenye bodaboda."

Mdogo wangu alipita katikati yetu akikimbia, sare haijapigwa pasi, kiatu kimoja mkononi.