Vidole vya Chuma vya Fundi wa Nguo

Fundi wa nguo Mkongo wa Ixelles, mtaa wa Ulaya, huvaa kikofia cha chuma cha kushonea kwenye kila kidole, si kimoja kama mafundi wengine, na vidole hivyo havitulii: vinagonga meza, mkasi, hata benchi la kanisa padri akihubiri. Jumamosi ile maman Émérance wa kwaya aliingia kwake amevunjika moyo. Madame anayekaa juu ya duka la fundi alilalamikia ngoma za kanisa la jirani, padri akazikataza, na kesho ni Pasaka. “Papa, tutaimba kama kwenye matanga?”

Fundi hakuinua kichwa. Huwa anamaliza mshono kwanza. Ndipo akatoa ubao wa bati wa kufulia, akaukwaruza kwa vidole vyote. “Hii ni muziki ya skiffle, maman. Waingereza waliipenda sana, lakini mizizi ni ya batu beusi wa Amerika. Habakukuwa na vyombo, donc walipiga ubao, mutungi, sanduku.” “Alors, Mungu tutamupelekea ubao ya kufulia?” “Si ni Yeye anatusafishaka?” Émérance akacheka, akaanzisha wimbo wa Ufufuko kwa sauti ndogo. Ubao ukamfuata, chaka-chaka, mpaka akawa anaimba kwa sauti yake yote. Dirisha la juu likafunguka, Émérance akakatiza wimbo. “Endeleeni tu,” madame akasema kwa Kifaransa, viwiko dirishani. “Hii hainiumizi kichwa.”